Mabomu Sita ya Makaburu

Kama bado uko kwenye daladala unarudi nyumbani, mwombe kondakta apunguze muziki kidogo, dakika chache tu, halafu tutamrudishia. Na wewe ambaye umeshafika, umevua viatu na chai iko mezani, karibu.

Leo tunazungumzia bomu la nyuklia. Najua wapo watakaosema: haya mambo ya Washington, Moscow na Beijing, sisi na bei ya unga wapi na wapi? Subiri kidogo. Nataka kukusimulia habari za nchi ya Afrika iliyounda mabomu ya nyuklia, ikakamilisha sita, ikayaficha, halafu ikayavunja yote kwa mikono yake. Zipo nchi zilizorudisha mabomu yaliyobaki kwenye ardhi yao baada ya dola kubwa kusambaratika. Zipo zilizoacha mradi ukiwa njiani. Lakini kuunda bomu lako mwenyewe, ukae nalo miaka, kisha ulivunje? Duniani ni Afrika Kusini peke yake. Na wakati inayaunda, sisi Tanzania tulikuwa kwenye orodha ya maadui zake.

Tutakwenda hivi. Kwanza tuone bomu hili hasa linafanya kazi gani, maana kazi yake kubwa siyo ile unayoifikiria. Kisha tushuke Afrika Kusini, na huko ndiko tutakaa zaidi. Mwishoni kuna swali la msikilizaji, nimelihifadhi.

Nianze na wale wa "hayatuhusu". Tarehe 6 Agosti 1945 Marekani iliangusha bomu juu ya mji wa Hiroshima, Japani. Urani iliyotumika katika mradi wa bomu lile, sehemu yake kubwa ilitoka Katanga, katika mgodi wa Shinkolobwe, Kongo ya enzi za Wabelgiji. Shinkolobwe haiko mbali na Likasi, na ukishuka Likasi leo utakaribishwa kwa Kiswahili. Waliolichimba jiwe lile hawakuwa na habari linakwenda kufanya nini. Halafu tarehe 13 Februari 1960 Ufaransa nayo ikalipua bomu lake la kwanza. Ilililipua wapi? Hakuna kijiji cha Ufaransa kilichotikisika. Lililipukia Reggane, katika jangwa la Sahara, Algeria. Kwame Nkrumah alikasirika akazuia mali za Wafaransa nchini Ghana, na Nigeria, changa kabisa, haijamaliza hata miezi minne ya uhuru, ikamfukuza balozi wa Ufaransa Januari 1961 baada ya mlipuko wa tatu. Kwa hiyo Afrika imo ndani ya habari hii tangu mwanzo. Tusijitoe.

Haya, bomu linafanya kazi gani?

Vitani limeangushwa mara mbili tu: Hiroshima, na siku tatu baadaye Nagasaki. Basi. Leo nchi tisa zinayo: Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa, China, India, Pakistan, Israel na Korea Kaskazini. Kwa pamoja ni zaidi ya mabomu 12,000, na karibu tisa katika kila kumi ni ya Marekani na Urusi. Sasa nikuulize: silaha ambayo haijaangushwa juu ya mji wowote tangu 1945, inatumika au haitumiki?

Inatumika, tena kila siku. Pita mitaa ya Mikocheni au Mbezi, uangalie mageti. Utakuta maandishi mekundu: MBWA MKALI. Huyo mbwa hujawahi kumwona. Pengine yupo, pengine alikufa mwaka juzi, pengine hajawahi kuwepo. Lakini ukifika pale unahamia upande wa pili wa barabara, na mwizi naye anapiga hesabu zake upya. Kinacholinda nyumba ile ni imani yako kwamba mbwa yupo na kwamba mwenye nyumba hatasita kumfungulia. Wakubwa wa dunia wanaishi hivyo. Ukinipiga nitakupiga usinyanyuke tena, kwa hiyo usinipige. Wengine wameandika tangazo kubwa getini. Israel haijaandika kitu. Ukiwauliza kama mbwa yupo hawakubali wala hawakanushi, miaka na miaka sasa, na majirani wote wanajua jibu.

Narudia, maana ndiyo nguzo ya mazungumzo ya leo: bomu la nyuklia kazi yake kubwa ni kuaminiwa. Halilipuliwi. Linasemwa, linanong'onwa, linapitishwa kwenye gwaride, na kwa kufanya hivyo linabadilisha maamuzi ya watu walioko maelfu ya kilomita.

Kuna wanaosema mpango huu umeleta amani. Marekani na Urusi walichukiana zaidi ya miaka arobaini na hawakupigana ana kwa ana. Ni kweli. Ila walipigana kupitia nchi za wengine, Korea, Vietnam, Angola. Muulize mtu wa Angola kama vita ile ilikuwa baridi.

Na kuna tatizo jingine. Vitisho hivi vinahitaji kila mtu awe na akili timamu kila siku, na kila mtambo uwe mzima kila saa. Tarehe 9 Machi 2022 India ilirusha kombora likaingia Pakistan, likaanguka karibu na mji wa Mian Channu. Unasikia vizuri? Nchi yenye bomu la nyuklia imerusha kombora ndani ya nchi nyingine yenye bomu la nyuklia, na hao ni mahasimu tangu 1947. Siku mbili baadaye India ikatoa maelezo: lilifyatuka kwa bahati mbaya, wakati wa matengenezo ya kawaida. Kombora halikubeba kilipuzi na hakuna aliyekufa. Pakistan ilipiga kelele lakini haikujibu mapigo, na India ikawafukuza kazi maofisa watatu wa jeshi la anga. Mambo yakaishia hapo. Lakini jaribu kuiweka ajali ileile katika wiki ambayo nchi hizo zinapigana mpakani, halafu uniambie kama ungelala.

Sasa tushuke kusini.

Afrika Kusini ya makaburu, yaani ya utawala wa wazungu wabaguzi, haikuianza safari hii peke yake. Mtambo wake wa kwanza wa utafiti wa nyuklia, uliowashwa 1965 pale Pelindaba, karibu na Pretoria, ulitoka Marekani, katika mpango wa kugawa teknolojia ya atomiki kwa matumizi ya amani. Wanasayansi wao walisomeshwa, wakarudi, wakabuni njia yao ya kurutubisha urani, madini ambayo nchi yao ilikuwa nayo tele. Mambo ya amani hayo. Halafu Aprili 1974 utawala wa Ureno ukaanguka kule Lisbon. Mwaka uliofuata Msumbiji ikawa huru, Angola ikawa huru, na askari wa Cuba wakateremka Angola kuisaidia serikali ya MPLA. Makaburu walikuwa wamezoea kuzungukwa na makoloni rafiki. Ghafla wakatazama mipakani wakaona bendera mpya.

Basi wakachimba mashimo. Kule jangwa la Kalahari, mahali panapoitwa Vastrap, walichimba mashimo mawili yanayokwenda chini wima, moja lina kina cha zaidi ya mita 300. Mwaka uleule wa 1976 ambao watoto wa Soweto waliingia barabarani na madaftari yao, huku Kalahari kazi ya kuchimba ilikuwa inaendelea. Mashimo yale yalikuwa ya kujaribia bomu chini ya ardhi.

Aliyeyagundua nani? Setilaiti ya Urusi, Agosti 1977. Na hapa siasa za dunia zinaonyesha sura yake ya ajabu. Moscow iliwaambia Washington. Mahasimu wakubwa wa Vita Baridi, katika jambo hili wakashika upande mmoja. Marekani ikakagua kwa macho yake, kisha Pretoria ikabanwa na wakubwa karibu wote, Ufaransa nayo ikiwemo, na ndiyo iliyokuwa ikiwajengea kinu cha umeme wa nyuklia kule Koeberg. Makaburu wakafunga mashimo, wakasema hakuna kitu. Lakini mradi haukufa, ila ulijificha zaidi.

Mwaka uliofuata serikali ya Pretoria ikakubali mkakati wa kulitumia bomu, na mkakati wenyewe ndio ulionifanya nichague habari hii. Hatua ya kwanza ilikuwa kunyamaza: hatukubali, hatukatai. Kama majeshi yanayosaidiwa na Urusi yangeonekana yanaielemea Afrika Kusini au Namibia, waliyokuwa wakiitawala kwa mabavu, ingefuata hatua ya pili, kumnong'oneza Marekani na rafiki zake pembeni kwamba jamani, tunalo. Na wakipuuzwa, basi walitangaze hadharani au walilipue moja chini ya Kalahari, dunia nzima isikie.

Umeona hapo? Ukiusoma mkakati huo, anayetishwa sana ni rafiki. Bomu lilikusudiwa kuwalazimisha Wamarekani waje kuwaokoa: msipokuja, tutafanya jambo ambalo litawaharibia dunia yenu nzima. Ni silaha iliyoundwa kwa ajili ya mazungumzo. Nimesoma habari nyingi za mabomu, lakini sijaona mahali ambapo siri ya silaha hizi imeandikwa waziwazi kama katika mpango huu wa makaburu.

Mabomu yenyewe yalikuwa ya aina ya lile la Hiroshima, ya kubebwa na ndege. Yalihifadhiwa katika jengo lisilo na jina getini, nje ya Pretoria, chini ya Armscor, shirika lao la silaha. Kila bomu lilikuwa nusu mbili, na nusu hizo hazikulala chumba kimoja. Nusu ya mbele ilifungiwa chumba chake cha chuma, nusu ya nyuma chumba kingine, na hakuna mtu mmoja aliyekuwa na namba za siri za kuzikutanisha. Walikuwa wanaogopa hata mikono yao wenyewe. Na katika hilo walikuwa na akili, lazima niseme.

Mwaka 1988, vita vya Cuito Cuanavale, kule Angola, vikiwa vimewachosha na Wakuba wakisogea kuelekea mpaka wa Namibia, walirudi Vastrap. Wakajenga banda kubwa la chuma juu ya shimo moja, wakatoa maji yaliyojaa ndani, wakaangalia kama shimo bado linafaa. Wapo watu wa upande wao waliodai baadaye kwamba banda lile, likionekana angani, liliwatisha wakubwa na kuharakisha mazungumzo yaliyozaa makubaliano ya New York kuhusu Angola na Namibia, Desemba 1988. Mimi naona hiyo ni hadithi ya mtu anayetaka fedha zake zionekane zilifanya kazi. Waliosukuma mazungumzo yale ni askari waliokuwa Cuito, na mazishi ya vijana wa kizungu waliokuwa wanarudishwa makwao ndani ya masanduku.

Sasa naomba uniazime sikio vizuri zaidi.

Adui wa utawala ule alikuwa nani hasa? Mrusi? Mrusi hakuwahi kufika Limpopo. Aliyewatia jasho makaburu alikuwa mama wa Soweto aliyekataa kupanda basi, mchimba dhahabu aliyegoma, mwanafunzi, kasisi, wapigania uhuru waliopitia Kongwa na Morogoro, benki za Ulaya na Marekani zilizokataa kuongeza muda wa mikopo mwaka 1985. Utampiga nani kati ya hao kwa bomu la nyuklia? Ukilipua Soweto umelipua Johannesburg. Ukiipiga Lusaka au Dar es Salaam, siku hiyohiyo huna rafiki hata mmoja wa kukuuzia mafuta. Walikuwa na silaha kubwa kuliko zote zilizopata kuundwa katika bara hili, na hawakuwa na mahali pa kuielekeza. Mabomu sita yalikuwepo ghalani wakati Nelson Mandela anatoka gerezani tarehe 11 Februari 1990 ameshikana mkono na Winnie. Hayakuzuia chochote.

Kwa kweli amri ya kuyavunja ilitoka siku chache baadaye, mwezi uleule. Rais alikuwa F. W. de Klerk. Kazi ilianza katikati ya mwaka huo. Waliyafungua moja baada ya jingine, urani wakaiyeyusha na kuirudisha Pelindaba, michoro na nyaraka kwa maelfu zikateketezwa. Profesa mmoja mstaafu wa fizikia, Wynand Mouton, aliwekwa kukagua kila hatua na kumpa Rais ripoti moja kwa moja, kwa sababu kitu cha namna hii hutaki fundi yuleyule aliyekiunda akuambie "nimeshavunja, mzee" na wewe uitikie tu. Wananchi hawakuambiwa. Bunge lilisikia tarehe 24 Machi 1993, de Klerk alipotangaza: tulikuwa nayo sita, la saba lilikuwa halijakamilika, hatunayo tena. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki waliingia kila mahali, wakahesabu urani, wakasimama pale Kalahari mashimo yakizibwa kwa zege.

Kwa nini waliyavunja? De Klerk alisema hatari imekwisha: Wakuba wanaondoka Angola, Namibia inapata uhuru, Urusi yenyewe inayumba. Watu wengi, na hasa upande wetu huku, walisema sababu ni nyingine: hawakutaka kumkabidhi mtu mweusi bomu. De Klerk alilikana hilo. Mimi sioni kwa nini tuchague moja. Mtu anaweza kuhama nyumba kwa sababu kodi imepanda na pia kwa sababu hampendi mpangaji anayekuja. Ila lazima tuseme na upande wa pili: serikali ya Mandela haikulilia bomu. ANC, chama chake, ilikuwa imeshasema haitaki. Na mwaka 1995, nchi zilipokutana New York kuamua kama mkataba mkubwa wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia uendelee bila kikomo, ujumbe wa Afrika Kusini chini ya Waziri Alfred Nzo ndio uliosaidia kupata njia ya kuwakutanisha wakubwa na wadogo. Walisikilizwa kwa sababu walikuwa na cha kuonyesha.

Nimeutaja mkataba huo, na hapa kuna jambo ambalo nadhani wengi hamjalisikia. Juni 1968 Umoja wa Mataifa uliupigia kura. Nchi 95 zilisema ndiyo. Nchi nne tu zilisema hapana: Albania, Cuba, Zambia na Tanzania. Ndiyo, Tanzania, ya Mwalimu Nyerere. Je, tulikuwa tunalitaka bomu? Hata kidogo. Miaka minne kabla, Julai 1964, viongozi wa Afrika walikuwa Cairo wakatamka kwamba bara hili lisiwe na silaha za nyuklia, na Tanzania ilikuwa pale. Kasoro ya mkataba ilikuwa kukosa usawa. Unasema nchi zilizolipua bomu kabla ya mwaka 1967, yaani wakubwa watano, zibaki nalo na ziahidi kuzungumza juu ya kuliacha. Wengine wote waapishwe wasiliguse. Aliyewahi amebarikiwa, aliyechelewa amelaaniwa. Na ahadi ya wakubwa haikuwekewa tarehe, na mpaka leo haina.

Basi Tanzania ikakaa nje ya mkataba zaidi ya miaka ishirini. Afrika Kusini nayo ikakaa nje, kwa sababu zake chafu. Unajua tuliingia lini? Mei 1991. Zambia, mwezi huohuo. Na Afrika Kusini? Julai 1991. Wiki chache tu baina yetu. Makaburu walipoonyesha wako tayari kuingia, majirani wakaona hakuna tena sababu ya kusimama nje, na majirani walipoingia, makaburu nao wakakosa kisingizio. Hofu ilipoondoka mezani, kalamu zikatembea haraka.

Lakini mimi sitaki kukudanganya kwamba kila aliyeacha bomu aliishi raha mustarehe. Kuna mtu anauliza hapo alipo: na Gaddafi je?

Swali zuri, na gumu. Desemba 2003 Muammar Gaddafi wa Libya alitangaza anaachana na mradi wake wa nyuklia, ambao haukuwa umefika mbali. Akapongezwa, akakumbatiwa na mawaziri wakuu. Mwaka 2011 ndege za Magharibi zikampiga, na Oktoba mwaka huo akauawa njiani akikimbia. Korea Kaskazini walikuwa wanatazama. Walisema waziwazi mwezi Machi mwaka uleule kwamba Libya ilihadaiwa, ikanyang'anywa silaha kwanza ili ipigwe baadaye. Wao walijitoa kwenye mkataba mwaka 2003 na kulipua bomu lao la kwanza Oktoba 2006. Hakuna aliyewashambulia mpaka sasa.

Na Ukraine? Urusi ya zamani iliposambaratika, Ukraine ilibaki na maelfu ya mabomu ardhini mwake, ingawa namba za kuyafyatulia zilikuwa Moscow. Ikakubali kuyarudisha. Kwa kubadilishana, tarehe 5 Desemba 1994 mjini Budapest, Urusi, Marekani na Uingereza zilitia saini kwamba zitaiheshimu mipaka yake. Mwaka 2014 Urusi ikaichukua Crimea. Mwaka 2022 ikaingia na vifaru. Saini ile, tena ya jirani mwenye bomu, ilikuwa wino tu.

Kwa hiyo kiongozi yeyote anayelala na hofu leo, akitazama mifano hiyo, atakuambia bora nife na bomu langu. Nami simwoni mjinga. Naona amesoma mifano miwili na kuacha wa tatu. Afrika Kusini iliweza kuacha kwa sababu waliokuwa wakiihofia na waliokuwa wakihofiwa walikaa mezani, mambo ya Angola na Namibia yakamalizwa kwanza, ndipo mabomu yakakosa kazi. Ukraine iliacha bomu, lakini jirani aliyekuwa akiitamani hakuondoka. Gaddafi aliacha mradi, lakini hakumaliza ugomvi wake na wakubwa wala na watu wake mwenyewe. Wanadiplomasia wanapenda kuanza na kuhesabu vichwa vya makombora. Mimi nasema ugomvi ndio uanze. Ukiumaliza, kuhesabu makombora hakutakuwa na ugumu. Ndiyo maana sishangai kwamba mazungumzo na Korea Kaskazini yameanza na kufa mara nyingi: kila mara yanaanzia mwishoni.

Haya, nilisema kuna swali. Msikilizaji wetu mmoja wa Songea ametuma ujumbe, anaandika: "Mtangazaji, huku kwetu Namtumbo kuna urani Mto Mkuju. Je, siku moja itatengenezewa bomu?"

Ndugu yangu wa Songea, asante. Jibu fupi: ikitoka ardhini, haiwezi. Chukua chembe elfu moja za urani ya kawaida. Saba tu ndizo za aina inayoweza kutoa moto wa bomu. Kwa kinu cha umeme zinatakiwa kufika kama thelathini hadi hamsini katika kila elfu. Kwa bomu, kama mia tisa. Kazi ya kuziongeza ndiyo urutubishaji, na ndiyo kazi ngumu, ya gharama na ya siri, iliyowachukua makaburu miaka. Mgodi huuza unga tu, unafungwa kwenye mapipa na kusafirishwa.

Lakini swali lako lina nusu ya pili ambayo hukuiandika: mapipa yakishaondoka, nani anayafuatilia? Hapo ndipo mikataba inapokuwa na faida kwa mtu wa Namtumbo. Kuna mkataba wetu wa Afrika, unaoifanya Afrika yote iwe eneo lisilo na silaha za nyuklia. Ulitiwa saini Cairo tarehe 11 Aprili 1996, katika mji uleule wa tamko la 1964, na ukapewa jina la mahali palepale palipoanzia mabomu ya makaburu: Mkataba wa Pelindaba. Ulihitaji nchi 28 ziuridhie ndipo uanze kazi. Ukangoja miaka kumi na tatu. Nchi ya ishirini na nane, iliyougeuza kuwa sheria tarehe 15 Julai 2009, ilikuwa Burundi. Wakubwa wanapojisifu kwa ajili ya amani ya dunia, hilo la Burundi hulisikii likitajwa. Mkataba unaruhusu umeme na hospitali, unakataza bomu, na unataka kila nchi iliyouridhia ikubali kukaguliwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Kwa hapa nyumbani, wa kuulizwa ni Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Waulizeni. Mbunge wenu naye aulize, bungeni, hesabu ya mapipa yatakayotoka na cheti cha yatakakofikia.

Maana urani haina haraka. Ile ya makaburu, iliyotolewa ndani ya mabomu sita na kuyeyushwa, haikutupwa. Sehemu yake imetumika Pelindaba kutengeneza dawa za kutibu na kupima saratani, na iliyobaki bado iko chini ya ulinzi. Marekani imeomba ichukuliwe au ipunguzwe makali. Pretoria imekataa, ikisema ni mali yake na iko salama. Iko salama kiasi gani? Usiku mmoja wa Novemba 2007 makundi mawili ya watu wenye silaha yalivamia eneo lile. Kundi moja lilipita uzio wenye umeme, likaingia hadi chumba cha kuongozea shughuli za dharura, likampiga risasi mfanyakazi mmoja kifuani. Alipona. Walikaa ndani karibu robo tatu ya saa, wakatoka kwa njia waliyoingilia. Kwenye urani hawakufika, na mpaka leo umma haujaambiwa walikuwa wanataka nini. Ndugu wa Songea, ukimwandikia mbunge wako, ongeza na swali la uzio.

Muda umenitupa mkono, na kondakta anataka muziki wake. Wiki ijayo, saa kama hii, tutazungumzia umeme wa nyuklia, kwa kuwa Kenya, Uganda na Rwanda zote zimeshasema zinautaka, na hapo kuna hesabu za fedha za kuangaliwa kwa makini. Endelea kutuma maswali.